Kwa nini tozo ya Nairobi Expressway ilipanda

Ndugu, umeuliza kwa nini gari dogo linalotoka Mlolongo hadi Westlands hulipa shilingi 500, ilhali Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ya jijini Nairobi, ilipofunguliwa mwaka 2022 lilikuwa likilipa 360. Sababu kuu imo katika mkataba: barabara hiyo ya kilomita 27 ilijengwa kwa fedha za kampuni ya Kichina, ambayo itaiendesha kwa miaka 27 kabla ya kuikabidhi serikali, na kwa kuwa deni lake ni la dola huku dereva akilipa kwa shilingi, kila shilingi inapodhoofika pengo hilo hujazwa na mtumiaji. Wakati wa kufunguliwa, dola moja ilikuwa karibu shilingi 116; mwishoni mwa mwaka 2023 ilikaribia 157, na Januari 2024 tozo mpya zikaanza kutumika, hata kwa safari fupi kabisa, iliyotoka 120 hadi 170. Linalonikera ni kwamba shilingi ilipopata nguvu mwaka huohuo na kurejea takriban 129, nafuu hiyo haikumfikia dereva pale kwenye kizuizi.

Hata hivyo, hakuna anayelazimishwa kupita juu, kwenye barabara hiyo ya kulipia, kwani Barabara ya Mombasa ipo pale chini bila malipo. Ndiyo maana madereva wa teksi huuliza mapema, "Juu au chini?", kwa kuwa tozo huongezwa kwenye nauli, na jioni, kwa abiria anayewahi ndege, jibu huwa moja tu.