Kufunga na kutyuni kompyuta huru ya injini kwenye Subaru ya turbo: ushauri kwa fundi anayeanza

Fundi anayeletewa Subaru Impreza WRX ya miaka ya 1990 kwa mara ya kwanza, ikiwa imebadilishwa turbo na injekta na mwenye gari anataka kompyuta ya kiwandani iondolewe, kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue kompyuta ipi. Ni swali halali, ila linaweza kusubiri. Link ya New Zealand, Haltech ya Australia, hata MegaSquirt ambayo mtu anaweza kuiunganisha mwenyewe mezani, zote zinaweza kuiendesha EJ20, injini ya gari hili, vizuri sana, na zote zinaweza kuitoboa pistoni ndani ya sekunde chache. Kompyuta huru, yaani isiyo ya kiwandani na unayoipanga mwenyewe, haijui injini iliyofungiwa; inajua tu namba zinazoletwa na sensa na namba ulizoandika wewe kwenye majedwali yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii ni kuhakikisha kwamba kila namba inayoingia ni ya kweli, na sisi tunaofanya kazi Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, tunalo jambo moja la ziada ambalo vitabu vya kompyuta hizi hulitaja kwa ufupi mno. Nitalifikia.

Kabla ya kukata waya hata mmoja, pima injini yenyewe. Kompyuta mpya haiponyi ringi zilizokwisha wala gasketi ya kichwa inayovuja, na ukishaifunga, kila ugonjwa wa zamani wa gari utahesabiwa kuwa umeuleta wewe. Pima kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa ya moto, vali ya throto ikiwa wazi kabisa na betri ikiwa imejaa. Usishtuke ukiona namba iliyo chini ya ile ya kitabu, kwa kuwa kitabu kimeandikwa kwa hewa ya pwani na hewa yetu huku juu ni nyepesi. La kukutia wasiwasi ni silinda moja kuachana na wenzake. Kisha tafuta uvujaji kwenye mipira ya intakula (kipoza hewa ya turbo) kwa kuijaza hewa ya kompresa, na uangalie presha ya mafuta ya petroli. Kwa mfumo wa kawaida wenye regyuleta iliyounganishwa na manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye silinda), presha huwa karibu bar 3 ukichomoa mpira wa regyuleta, na hupanda bar moja kwa kila bar moja ya turbo. Isipopanda hivyo, shughulika kwanza na pampu au regyuleta, kwa sababu hakuna hesabu ya kompyuta itakayoziba pengo hilo kwa uhakika.

Kwenye waya, kasoro nyingi ninazozikuta katika magari yanayoletwa yakiwa tayari yamefungwa kwingine zinatokana na ethi. Sensa zote zirudishe ethi yake kwenye pini maalumu ya kompyuta, na ethi nene za nguvu ziende moja kwa moja kwenye bloku ya injini, zote mahali pamoja. Ukizichanganya, kila koili inapofyatua, usomaji wa joto na wa presha nao unaruka. Waya wa sensa ya krankishafti uwe na ngao, na ngao hiyo ifungwe ethi upande mmoja tu, ule wa kompyuta. Viunganishi vibanwe kwa koleo lake. Kusokota waya na kuzungushia tepu ni kumwachia fundi mwingine kazi ya kurekebisha baada ya miezi sita. Kompyuta, pampu ya mafuta, injekta na koili ziwe na fyuzi zake, na rilei ya pampu iongozwe na kompyuta ili injini ikizimika kwa ajali, pampu nayo ikome. Pima pia ukinzani wa injekta kwa multimita kabla ya kuziunganisha. Zenye omu 12 hadi 16 huendeshwa moja kwa moja, lakini zenye omu 2 au 3 zinahitaji kizuizi au saketi inayopunguza umeme, la sivyo utaunguza vyombo vya ndani ya kompyuta.

Kipimo cha kwanza baada ya waya kinafanyika asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Washa swichi bila kupiga stata, kisha soma skrini kwa utulivu. Joto la maji na joto la hewa vinapaswa kulingana, na vyote viwe sawa na joto la gereji. Kimoja kikisema nyuzi 18 na kingine 31, umechagua jedwali lisilo la sensa hiyo. Throto isome sifuri ikiwa imefungwa na 100 ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Presha ya manifoldi, injini ikiwa haizunguki, si kitu kingine ila hewa iliyotuzunguka: hapa Arusha isome karibu kilopaskali 86. Ikisoma 101, usifurahie kwamba namba imelingana na ya kitabu. Hiyo ni presha ya Dar es Salaam, maana yake sensa imeingiziwa vipimo visivyo vyake na kila tone la petroli utakalopanga baadaye litasimama juu ya kosa hilo.

Sasa taimingi, yaani wakati plagi inapochoma. Magurudumu ya sensa ya EJ20 za miaka hiyo yana meno 6 yasiyolingana nafasi upande wa krankishafti na meno 7 upande wa kamshafti, na kompyuta nyingi huru zina mpangilio huo tayari ndani ya programu. Kuuchagua kwenye orodha hakutoshi. Chomoa injekta, funga taimingi kwenye programu ibaki digrii 15 bila kubadilika, piga stata huku ukimulika puli kwa taa ya taimingi, na urekebishe mpaka alama ya puli ikubaliane na skrini. Injini ikishawaka, rudia tena kwenye mizunguko 1,000 na 4,000. Alama ikitembea kadiri mizunguko inavyopanda ilhali umeifunga, huenda waya mbili za sensa ya krankishafti zimegeuzwa, au ucheleweshaji wa mawimbi haujawekwa sawasawa. Taa zenye kitufe cha kuzungusha digrii hudanganywa na koili zinazofyatua mara mbili kwa kila mzunguko kamili wa kazi, kwa hiyo iache kwenye sifuri na usome alama za kwenye kava.

Mafuta huanza na taarifa za injekta: ujazo wake kwa dakika, presha iliyopimiwa, na muda inaochelewa kufunguka kulingana na volti za betri. Muda huu wa kuchelewa, ambao kwenye volti 14 huwa karibu milisekunde moja, wanaoanza huupuuza, halafu wanashangaa kwa nini sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inabadilika kila feni ya redieta au taa kubwa zinapowashwa. Panga kwanza sailensa na mwendo wa kawaida usio na turbo, lamda (kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta; chini ya 1 mafuta ni mengi) ikiwa karibu na 1. Ndipo uingie kwenye turbo kidogo kidogo, ukilenga lamda 0.80 hivi. Sensa ya lamda iwekwe baada ya turbo, imeinama ili maji yasitulie kwenye ncha yake, na usiiache ndani ya eksozi bila umeme injini ikiwa inawaka. Tena kumbuka kwamba inapima oksijeni. Plagi ikikosa kuchoma, oksijeni isiyotumika inatoka na sensa inasema mafuta ni machache. Fundi asiyejua ataongeza mafuta, plagi italowana zaidi, na namba itazidi kupanda.

Nimefika kwenye jambo la mwinuko. Kompyuta ya kiwandani ya magari haya ilitumia sensa inayopima uzito wa hewa yenyewe, hivyo mwinuko haukuitaabisha sana. Tunapoitoa na kutumia presha ya manifoldi, tunaiomba kompyuta ikisie hewa kutokana na presha, joto na mizunguko. Presha inayosoma ni presha kamili, inayoanzia kwenye ombwe. Springi ya wasteigeti (mlango unaozuia turbo isizidi presha), kwa upande wake, inasukumana na hewa ya nje, kwa hiyo inajua tofauti tu. Springi ya bar 0.8 ikifunguka Arusha, manifoldi ina 86 na 80, yaani kilopaskali 166. Gari hilohilo, springi hiyohiyo, likishuka Dar es Salaam litakuwa na 101 na 80, yaani 181. Mistari ya jedwali kati ya 166 na 181 hujaigusa hata siku moja, na mteja ataikanyaga kwa mara ya kwanza akiwa na mzigo, kwenye joto la pwani, labda akiwa amejaza petroli ya kituo asichokizoea.

Kwa sababu hiyo usiiache mistari hiyo ikiwa na namba zilizokuja na programu. Endeleza mwelekeo wa mafuta uliouona chini yake na uongeze kidogo upande wa usalama, kisha ushushe taimingi kwa digrii mbili au tatu. Weka pia ukomo unaokata mafuta presha ikipita 190. Kama kompyuta yako haina sensa ya pili ya hewa ya nje, fahamu kwamba nyingi huisoma hewa hiyo mara moja tu, swichi inapowashwa. Aliyeondoka Arusha asubuhi na kushuka hadi Segera bila kuzima anaendesha bado kwa marekebisho ya mlimani. Sensa ya pili haina bei kubwa. Kwa gari linalosafiri, mimi huihesabu kuwa sehemu ya lazima ya kazi, na mteja akikataa kuilipia namweleza kwamba ataendelea na springi ndogo.

Kwenye taimingi ya turbo uwe bahili. EJ20 za soko la Japani zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake hukaribia 100, na ya vituo vyetu haifiki hapo. Anza na digrii 10 hivi pale toki (nguvu ya kuzungusha) inapokuwa kubwa, na uongeze moja moja huku ukisikiliza. Bomba dogo la shaba lililofungwa kwenye bloku, likaunganishwa kwa mpira mrefu na vizibo vya masikio vya kiwandani, husikika vizuri kuliko watu wanavyodhani: injini kugonga ni mlio mkavu, wa juu, kama mchanga unaomwagwa kwenye bati. Silinda ya milimita 92 hulia karibu kilohezi 6, na namba hiyo ndiyo utakayoiandika ikiwa kompyuta yako ina usikilizaji wake. Ukisikia mara moja, ondoa mguu na urudishe digrii mbili; kingo za pistoni zinazoshika ringi kwenye injini hizi hazivumilii majaribio. Mahali ambapo hakuna dainamometa (mashine ya kupimia nguvu ya gari), mwenzako aendeshe na wewe urekodi, kwenye njia iliyofungwa, gia ya tatu. Usisome skrini ukiwa umeshika usukani.

Kuwaka kwa baridi kunabaki mwisho, na kunakwenda polepole kwa kuwa unapata nafasi moja tu kila asubuhi. Usimkabidhi mteja gari kabla halijalala kwako na kuwaka lenyewe bila kukanyagwa. Hifadhi faili kwa tarehe, umpe nakala yake, na mtu mwenye safari ya pwani umwachie kirekodi kikiwa kimewashwa na valvu ya umeme ya kuongeza turbo ikiwa imechomolewa, ili akirudi uione mistari ya juu ilivyosomeka kabla ya kumwongezea chochote.