Maswali yenu: "Punda riziki yake iko kwa Mungu, mbona jirani ananigombeza?"

SWALI: Assalaam aleikum Maalim. Mimi niko mtaa wa Langoni hapa Amu (Lamu), nina punda watatu na ndo kazi yangu, nabeba mchanga na simiti na mawe kutoka gatini mpaka kwa mafundi. Siku hizi kazi imekua kidogo sana, wanaojenga wamesimama, na kiangazi hiki majani hakuna, basi punda nimewafungulia wanazunguka mtaani wanajitafutia, jioni wanarudi wenyewe mlangoni. Kuna mama jirani yangu, Mkristo, mtu mzuri tu, juzi kamkuta punda wangu mmoja jalalani anatafuna mfuko wa plastiki, kauvuta mpaka ukamtoka mdomoni halafu akanijia juu ati namtesa mnyama na nitaulizwa. Mimi nikamjibu kwa aya, nikamwambia kila mnyama riziki yake iko kwa Mungu, tena nikamuongezea, hata Biblia yenu si inasema ndege hawalimi na wanakula? Akanyamaza. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilijibu sawa au nilikosea? Jina langu usilitaje.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Silitaji, ingawa hapo Langoni wenye punda watatu mnajuana.

Aya umeitaja sawa. Ni sura ya Hud, ya 11, aya ya 6, maana yake hakuna kiumbe kitembeacho juu ya ardhi ila riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu, naye anajua makao yake na mapitio yake. Neno la Kiarabu pale ni daaba, yani kila chenye kutambaa na kukanyaga, kwa hivyo chungu wa ukutani yumo, kaa wa mikokoni yumo, mapaka wote wa Amu wamo na wewe mwenyewe umo. Na Biblia pia hukumzulia yule mama, iko Mathayo 6:26, ndege wa angani hawapandi wala hawavuni na wanalishwa. Sasa kosa liko wapi? Liko hapa: aya ile ni ya kukutuliza wewe roho siku mkono wako mtupu, wewe umeichukua ukamlaza nayo punda na njaa.

Hebu tazama maandiko yenyewe yanasimulia vipi hiyo riziki inavyomfika mtu. Mtume (s.a.w.) alisema lau tungemtegemea Mungu ipasavyo angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege, wanatoka asubuhi matumbo matupu wanarudi jioni wameshiba. Wanatoka! Hakuna ndege aliyebaki kiotani kangoja sahani. Bibi Maryam yuko na uchungu wa kuzaa, peke yake, tende ziko juu ya kichwa chake, na bado anaambiwa tikisa shina la mtende zikuangukie (Maryam, aya ya 25), mimi hiyo kila nikiisoma huwa nasimama kidogo, manake aliyemuotesha mtende angeshindwa kuziangusha? Na Zaburi ya 104, ambayo jirani yako bila shaka anaijua, imetaja simba na korongo na samaki halafu ikasema Mungu huwapa na wao huokota. Basi kuna kupewa na kuna kuokota.

Kule visiwani upande wa Kiwayu kasa jike hupanda ufukoni usiku akafukia mayai mia na kitu, akarudi baharini, hayaoni tena maisha. Baada ya kama miezi miwili vitoto vinatoka mchangani na moja kwa moja mbio baharini, hakuna aliyevionyesha njia. Wengi lakini hawafiki, kaa na ndege wanawadaka njiani, na najua hapo kuna msomaji ataniandikia, sasa Maalim riziki yao iko wapi hao? Aya haikuahidi kila kiumbe kitaishi miaka mingi. Hadithi ya mimba tumboni, iliyoko kwa Bukhari na Muslim, wale wakusanyaji wa hadithi, imetaja riziki na ajali, yani siku ya kufa, zinaandikwa pamoja. Ikimalizika moja na nyingine imefika. Na yule kaa naye alikua anangoja chake.

Lakini wewe hukuniuliza kasa, umeniuliza punda, na punda mambo yake mengine kabisa. Zaburi hiyohiyo ya 104 inasema punda mwitu hunywa kwenye chemchemi akazima kiu, na kitabu cha Ayubu sura ya 39 kinasema huyo milima ndo malisho yake, hasikii kelele za msimamizi. Punda mwitu! Yule hakuna mtu aliyemtia sogi mgongoni. Wako amebeba simiti yako miaka, na siku ile ulipomfunga kamba ya kwanza ile riziki yake Mungu akaipitisha kwako, yani wewe ndo bomba lenyewe na saa hii bomba limefungwa halafu unamwambia jirani maji yako kwa Mungu.

Nabii Muhammad alimpita ngamia mgongo umegandana na tumbo kwa njaa, akasema mcheni Mungu katika hawa wanyama wasiosema. Siku nyingine aliingia bustani ya mtu wa Madina akakuta ngamia anatokwa na machozi, akamfuta, akamwita mwenyewe akamwambia huyu kanishtakia kwamba unamtia njaa na kumchosha. Na yule mwanamke wa paka unamjua, aliadhibiwa kwa sababu alimfungia, hakumlisha wala hakumuacha ajilie vya ardhini.

Utaniambia mimi si nimewafungulia? Ndio, na hapo una nusu ya hoja. Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Kishafii wamesema mnyama akiachiliwa kwenye malisho yanayomtosha basi mwenyewe keshatimiza, lakini kama hayatoshi ni lazima amlishe, na akikataa analazimishwa amlishe au amuuze. Malisho, mwanangu. Mji wetu ni mawe na vichochoro, majani utayapata wapi kama si ya kuotea ukutani, kile kilichoko jalalani si malisho. Punda hacheui kama ng'ombe na kutapika hawezi, plastiki ikishaingia imeingia, inamfunga tumbo mpaka analala chini anagaragara kwa maumivu. Na hiyo mifuko imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, lakini jalala halina habari.

(Linaloniudhi zaidi, siku za Maulidi punda huyohuyo watu wamejipanga ufukoni wanampigia vigelegele kwenye mashindano, shughuli zikiisha amerudi kula makaratasi.)

Cha kufanya: kazi ya punda watatu huna, basi uza mmoja au wawili kwa mtu mwenye kazi, usione haya. Anayebaki mnunulie pumba hata kidogo kidogo, na mtafute kijana mmoja awapeleke mashambani nyuma ya mji asubuhi awarudishe, mkiwa watu wanne watano mwenye punda mnachanga hela yake. Yule aliyekula plastiki mpeleke zahanati ya punda pale mjini, wako tangu miaka ya 1980 na matibabu ni bure. Na kwa jirani rudi ukamuombe radhi, hasa kwa ile ya kumrushia Biblia yake, manake angekua mbishi angekusomea Mithali 12:10, mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake, sijui ungemjibu nini.

SWALI: Maalim shikamoo, mimi nauza samaki Malindi, kunguru wananimaliza, nikigeuka tu wameondoka na kipande. Serikali 2024 ilisema itaua kunguru milioni moja pwani, mimi nikafurahi, mama mkwe akasema ni dhambi kwa sababu Mungu mwenyewe ndo anawalisha.

JIBU: Marahaba mama. Mama mkwe anajua kitabu, Luka 12:24 inasema hivyo hivyo, kunguru hawana ghala na Mungu huwalisha. Lakini kulishwa ni kitu kimoja na kukudhuru ni kingine, kwetu sisi Waislamu kunguru ni katika wale wanyama watano walioruhusiwa kuuliwa hata Makka, sharti usimtese. Sumu usimwage mwenyewe, itawaua paka na kuku wa watu. Tena hawa kunguru wa Kihindi si wenyeji, waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, na takataka tukawazidishia sisi mpaka wamejaa pwani nzima. Kwa hivyo anza na matumbo ya samaki, yafukie au yatie kwenye ndoo yenye kifuniko, na juu ya meza weka wavu.