Chuma cha Mjerumani chini ya mkorosho

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa skauti huku Nyangao, mkoani Lindi. Pasaka tulipiga kambi upande wa Mahiwa. Kijana mmoja aliokota chuma kizito chenye ncha, unene wa bomba la inchi 3, akataka kukifanya figa. Nilimzuia, lakini alikibeba hadi shuleni, na sasa kiko chini ya mkorosho nyuma ya vyoo. Kina kutu, na karibu na kitako kina mkanda wa shaba wenye mikwaruzo ya mshazari. Wazee wanasema ni chuma cha Mjerumani, kimeshakufa. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakiulizia. Tukiuze, au tukiweke ofisini kwa somo la historia?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Msikiuze, msikiweke ofisini, na kuanzia sasa mtu asikisogelee. Piga 112 leo hii, kisha mjulishe mtendaji wa kijiji. Polisi watawaita wataalamu wa mabomu wa jeshi. Wakati mnawasubiri, fungeni vyoo hivyo na njia ya kuelekea huko, watoto wakae mbali kabisa, mita 100 kwa uchache. Msijaribu kukirudisha mlikokitoa.

Nilikuwa jeshini, kikosi cha uhandisi medani, hadi nilipostaafu, na hiyo mikwaruzo ndiyo iliyonitisha. Mtutu wa mzinga una mifereji kwa ndani. Kombora likifyatuliwa, mkanda ule laini wa shaba hubanwa kwenye mifereji na kuchorwa hivyo hivyo ulivyoeleza. Kombora ambalo halijapigwa, mkanda wake ni mzima. Basi la kwenu lilitoka mtutuni, likaanguka, fyuzi, yaani kile kifaa cha kulilipua, ikagoma. Fyuzi ya namna hiyo huenda imeshakokiwa, yaani iko tayari kulipua, na ukilitazama kwa nje huwezi kujua ni nini kinachoizuia. Mimi mwenyewe nisingeliinua.

Wazee wamesema kweli kuhusu Mjerumani, ila linaweza kuwa la Mwingereza pia. Mahiwa walipigana wao kwa wao kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na pande zote zilikuwa na mizinga. Lakini hilo la kufa si kweli. Kutu hula ganda, haili baruti. Baadhi ya makombora ya vita ile yalijazwa asidi ya pikriki, ambayo ikikaa na metali miaka mingi hutengeneza chumvi zinazoweza kulipuka kwa kugongwa tu. Ufaransa bado wanayafukua mashambani hadi leo, na bado yanaua.

Huyo mnunuzi naye mwambieni wazi. Anachokitaka ni ile shaba, na shaba hutolewa kwa nyundo na patasi. Novemba 2017, huko Ngara, mwanafunzi alikwenda na bomu la kutupa kwa mkono shuleni Kihinga akidhani ni chuma chakavu. Wanafunzi watano walikufa, na makumi walijeruhiwa. Sijaweza kuisahau habari ile.

Mwenye mkorosho aambiwe pia, maana msimu wa kufyeka na kuchoma majani chini ya miti ukifika hatakumbuka kilicholala pale.

Kambi msiziache, watoto wanazihitaji. Ila upande huo moto wa kambi uwashwe kwenye uwanja ambao watu wamezoea kuwasha moto, si porini. Joto hupenya ardhini, na kilichofukiwa hakionekani. Msichimbe mashimo ya takataka wala choo bila kuwauliza wenye mashamba. Baada ya mvua kubwa angalieni makorongo kwa makini, maji hufukua. Mtoto akiona chuma asichokijua, asimame, arudi kwa njia aliyojia, aseme.

Na huyo kijana, tafadhali asichapwe. Akichapwa, atakayeokota kingine atakificha. Muulizeni kwa upole alikipata wapi hasa, kwenye korongo gani, karibu na mti gani, na kama kulikuwa na vingine. Andika majibu yake kwenye karatasi uwape wanajeshi watakapofika.