Jina Lako Likikosewa, Sahihisha Siku Hiyohiyo

Kwenye kazi yangu ya kwanza, msimamizi aliona jina langu ni refu akalikata nusu. Nikanyamaza, nilikuwa mgeni, sikutaka kuonekana msumbufu. Kufikia mwezi wa pili ile nusu ilikuwa imeshaandikwa kwenye kitambulisho, kwenye barua pepe, hadi kwenye cheti cha mafunzo. Cheti hicho ndicho kilichonitesa. Nilipokiambatisha kuomba kazi nyingine, hakikulingana na vyeti vya shule, ikanilazimu kula kiapo mbele ya wakili kuthibitisha kuwa majina yote mawili ni yangu.

Karatasi zilirekebishika. Kilichoniuma zaidi ni kwamba jina lile ni la bibi mzaa mama, aliyefariki kabla sijazaliwa. Miaka mitatu niliitikia jina ambalo yeye asingelitambua.

Kwa hiyo usingoje. Sema "naitwa hivi", tamka polepole, rudia mara moja, kisha endelea na mazungumzo. Ukichelewa mwaka mzima, aliyezoea kukosea atadhani unamlaumu.

Nawe unapomwita mtu, uliza kwanza. Jina hupenya hata pale mtu asiposikiliza: mwaka 1959 mwanasaikolojia Neville Moray aliwapa watu sauti mbili, moja kila sikio, akawataka wafuate moja tu. Karibu theluthi yao walisikia jina lao likitajwa kwenye sauti waliyoambiwa waipuuze.

Simlaumu anayeficha jina lake kwenye maombi ya kazi. Utafiti uliochapishwa 2004, uliofanyika Boston na Chicago, ulituma wasifu wa kubuni wenye sifa zinazolingana. Uliobeba majina yanayosikika ya Wazungu uliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya uliobeba majina yanayosikika ya Wamarekani weusi. Anayeficha analinda riziki yake. Kama wewe ndiye unayechambua maombi, mwombe mtu ayafunike majina kabla hujayasoma. Ni kazi ndogo sana ukilinganisha na anachopoteza yule asiyeitwa.

Nilipoingia kazi ya sasa nilitamka jina zima siku ya kwanza. Mwenzangu mmoja alilikosea mara mbili, akaniomba nimwandikie silabi kwa silabi. Kikaratasi kile bado amekibandika mezani pake.