Battenberg si mlima: kwa wafasiri wapya wa deski la historia

Wadogo zangu, wiki hii nimerudisha rasimu tatu. Moja imeandika "Mlima Batten". Nyingine imemweka Otto von Bismarck, kansela wa zamani wa Ujerumani, kwenye V katika faharasa, kana kwamba Von ndiye baba yake. Ya tatu tutaizungumza kwa chai.

1. "Von" ni "wa" tu, kama kwenye majina ya makabaila wa Kijerumani. Bismarck aende kwenye B.

2. Adenauer, jina la kansela wa Ujerumani Magharibi, maana yake ni mtu wa Adenau. Ni jina la mji pia, lakini ukabaila hamna hapo.

3. Battenberg. Hapa nikae, maana paliniumbua. Ni mji mdogo wa Hesse, Ujerumani, na makabaila wake wa kale walikwisha karne ya 14. Mwaka 1851 Alexander, mwanamfalme wa Hesse, alimwoa Julia Hauke, ambaye hakuwa wa hadhi yake. Kaka mtu, ndiye mtawala, akampa bibi harusi jina la mji ule lililokuwa limelala tu. Ukoo ukaanzia hapo. Mwaka 1917, Uingereza ikiwa vitani na Ujerumani, tawi la huko likajifasiri: berg ni mlima, basi Mountbatten.

Mimi nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Tunatengeneza kalenda ya kumbukumbu za Uhuru, na Mwanamfalme Philip ndiye aliyemwakilisha Malkia Dar es Salaam Desemba 1961, kwa hiyo nikapewa nichore ukoo wake. Wabattenberg wote nikawakatisha 1917. Akina Mountbatten nikawafungulia kisanduku kipya, 1917. Mhariri wetu, mzee mpole, akauliza: "Hawa wamekufa wote mwaka mmoja, ugonjwa gani?" Nikajibu bila kupepesa: "Vita, mzee." Akaniamini!

Kalenda zikachapwa. Msomaji mmoja akapiga simu kuuliza Alice, aliyezaliwa Battenberg na kufa 1917, alimzaaje Philip 1921. Siku mbili nilibandika vikaratasi vya masahihisho, gundi vidoleni hadi kwenye ugali, na mzee yuko pembeni ananikatia karatasi kwa mkasi, hasemi neno. Afadhali angenifokea.

4. Katiba ya Weimar ya 1919, ile ya jamhuri baada ya vita, ilifuta ukabaila Ujerumani, ila "von" ikabaki sehemu ya jina la ukoo. Austria waliikata kabisa. Basi msimpachike "Mtukufu" kila Mjerumani mwenye von.

Na wewe wa Mlima Batten, kesho njoo na rula.