Maswali na Majibu: Mswada, Prufu na Msamiati wa Wahariri

Swali (mwalimu, Mbarara): Mswada wangu wa hadithi za watoto umeshahaririwa na mhariri nimemlipa. Nilipoupeleka kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala, waliniuliza ni nani atakayesoma prufu. Je, nilipie kazi ileile mara mbili?

Jibu: Kazi hizo ni mbili, Mwalimu, na kila moja ina wakati wake. Mhariri hushughulikia mswada, yaani maandishi ambayo bado hayajapangwa katika kurasa: hunyoosha sentensi, husawazisha tahajia, na humuuliza mwandishi kwa nini mhusika aliyeitwa Okello katika sura ya kwanza anaitwa Okelo katika sura ya nne. Prufu ni kurasa zilizokwisha kupangwa jinsi zitakavyoonekana kitabuni, na msoma prufu huzilinganisha na mswada uliohaririwa, akitafuta kilichoharibika wakati wa kupanga: aya iliyodondoka, picha iliyoachana na maelezo yake, kichwa kilichobaki peke yake chini ya ukurasa. Huangalia pia maneno yalivyokatwa mwishoni mwa mistari, kwa sababu programu iliyowekwa kwa Kiingereza yaweza kukata "sham-ba", ilhali silabi za Kiswahili zinataka "sha-mba".

Msoma prufu haandiki upya. Sentensi moja ikiongezwa kwenye ukurasa wa 12, mistari husukumana, sura zinazofuata huweza kuhama, na namba zilizo kwenye yaliyomo na faharasa zikawa si sahihi tena. Kwa hiyo lipia kazi zote mbili, na prufu umpe mtu mwingine, maana jicho lililouzoea mswada husoma linachokumbuka badala ya kilichoandikwa.

Swali (mwanafunzi wa uandishi wa habari, Kampala): Kwenye prufu yangu neno limekatwa kwa mstari, kisha likawekewa vitone chini yake, na pembeni pameandikwa "stet". Nifanye nini?

Jibu: Usifanye lolote. Hilo ni neno la Kilatini linaloagiza kwamba kilichokatwa kibaki kama kilivyokuwa. Mimi huandika "iachwe", nami naeleweka. Kumbuka kwamba sahihisho la prufu huandikwa mara mbili: ndani ya mstari, kuonyesha mahali, na pembeni, kuonyesha la kufanya. Zipo alama za kimataifa, zilizowekwa katika kiwango cha ISO 5776, lakini lililo muhimu zaidi ni kwamba msoma prufu na mpangaji wa kurasa wakubaliane kabla kazi haijaanza.

Swali (mhariri wa jarida la shule, Gulu): Mwongozo wa mtindo una faida gani ikiwa kamusi tunayo?

Jibu: Kamusi hukuambia lipi ni sahihi, mwongozo huamua lipi mtakalolitumia pale ambapo yote mawili ni sahihi. Chukua neno "Waganda". Wasomaji wengi wa Kenya na Tanzania hulielewa kuwa raia wote wa Uganda, ilhali msomaji wa Masaka huenda akaelewa watu wa Buganda peke yao. Napendekeza, tena kwa msisitizo, "Waganda" kwa raia na "Baganda" kwa watu wa Buganda. Lakini hata mkiamua vingine, andikeni uamuzi huo kwenye karatasi moja, pamoja na namna ya kuandika tarehe, namba, vyeo na majina ya mahali. Jarida linalobadili msimamo kutoka ukurasa hadi ukurasa humfanya msomaji ashuku hata habari zilizo sahihi.

Swali (msomaji, Jinja): Je, programu ya kukagua tahajia haitoshi?

Jibu: Haitoshi. Anayeandika "wananchi walipiga kula" akikusudia "walipiga kura" hataonywa, kwa kuwa "kula" na "kura" yote ni maneno halali, na mchanganyiko wa l na r ni wa kawaida kwetu.

Swali (mwandishi, Mbale): Kitabu changu kimekwisha sokoni, nacho kitarudiwa. Niandike "chapa ya pili" au "toleo la pili"?

Jibu: Kikirudiwa kama kilivyo, au baada ya kurekebishwa makosa madogo ya chapa, ni chapa ya pili na ISBN yake, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, haibadiliki. Ukiongeza sura au ukiandika upya sehemu kubwa, ni toleo la pili, nalo linahitaji ISBN mpya ya tarakimu 13, ambayo utaiomba Maktaba ya Taifa ya Uganda kabla kurasa za mwanzo hazijapangwa.