Mtaji laki moja, mawazo mia: anza na uwinga

Mkuu umesema una laki moja, simu na mawazo kibao, unauliza utengeneze tovuti kwanza au ununue mzigo. Mi nakwambia acha vyote viwili, anza na uwinga, yaani unamtafutia mwenye duka wateja, unauza mzigo wake na kuweka cha juu chako.

Mi nilianza na elfu 30 na simu kioo kimepasuka. Asubuhi mapema nipo Kariakoo mtaa wa Kongo kabla watu hawajajaa, naomba wauza viatu nipige picha. Wa kwanza kanitimua, wa pili vilevile, wa tatu akasema piga ila usinizibie mlango. Narusha status ya WhatsApp, kiatu cha 25,000 naandika 32,000, hiyo 7,000 ndo cha juu changu, mteja akilipa ndo naenda kukibeba na boda analipa yeye. Mtaji wangu ulikuwa nauli na bando, basi.

Sasa wiki ya pili nikapigwa na kitu kizito. Dada mmoja wa Mwanza katuma hela yote, nafika dukani namba 39 imeshauzwa jana yake, zimebaki 42 na 43 tu, na hela yake nishaitoa kwa wakala makato yashakula, nikarudisha kamili nikatembea kwa mguu siku mbili aisee. Toka hapo sipokei hela ya mtu kabla sijampigia mwenye duka, "bosi ile 39 nyeusi ipo? niwekee pembeni mpaka saa sita". Ila hakuwekei kama hakujui, so siku zingine nilikuwa naenda tu kumsaidia kupanga maboksi, sina hata oda.

Alafu picha. Usichukue zile za mtandaoni, kila winga anazo hizo hizo. Mi nakiweka kiatu kwenye mwanga wa mlangoni, naweka rula chini ya soli wateja waone sentimita, maana 40 ya kiwanda hiki siyo 40 ya kile na kiatu kikirudi boda wa kwenda na kurudi unamlipa wewe. Hiyo rula ya 500 imeniokolea hela kuliko tangazo lolote nililowahi kulipia.

Tovuti nilikuja kutengeneza mwaka wa pili, na mpaka leo watu wanaiangalia wakimaliza wanakuja WhatsApp kuuliza "bei ya mwisho?"

Kwani wewe uko Dar au mkoani? Kama uko mkoani uwinga wake una mambo yake ya mabasi na vifurushi, sema nikuandikie.